Sauti Aliyoisikia Ghati Akikimbia

Mkipita Morotonga asubuhi mkaniona nimekaa mlangoni nimefumba macho, msiseme bibi amesinzia. Nasikiliza miguu. Watoto wanakwenda shule, wengine mbio, na mimi kwa masikio tu namjua anayekimbia kwa furaha na anayekimbia kwa kuogopa fimbo ya kuchelewa. Mguu wa mwoga hupiga ardhi kama mtu anayegonga mlango usiku. Mguu wa mwenye furaha huigusa tu, ukaiaga. Baada ya miaka mingi ya kufundisha riadha, hilo ndilo lililobaki mwilini mwangu. Magoti yamekwenda, macho yanakwenda, masikio yapo.

Juzi alinijia kocha mmoja wa kike, kijana, ana saa kubwa mkononi inayosoma mpaka mapigo ya moyo. Akanipa shikamoo, akavuta kigoda.

"Bibi Wankuru," akasema, "watu wananiambia wewe ulifundisha tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Niambie basi. Mwanariadha anataka ukali au upole?"

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "umeniuliza kama ng'ombe anataka majani au maji."

Akacheka, lakini hakuondoka. Ndipo nikamsimulia habari za Ghati na Mwalimu Magoiga, na nyinyi wengine mlio na filimbi shingoni nawasimulia vilevile.

Shule yetu ilikuwa upande wa Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi. Watu walikuwa wamehamishiwa kijijini si muda mrefu, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi paredi, na miti iliyopandwa mbele ya kila nyumba bado ilikuwa mifupi kuliko mbuzi. Asubuhi kipande cha reli kiligongwa, wakubwa wakaenda shamba la kijiji, watoto wakaja shule. Kulikuwa na siku ukungu unatanda kutoka mbugani mpaka uwanjani kwetu, na ukiangalia huoni watoto, unaona vichwa tu vinaelea juu ya weupe, vinazunguka, vinazunguka. Mpaka leo nikiota naota hivyo. Vichwa vinaelea, na sijui ni vya nani.

Uwanja tuliupima kwa kamba ya katani na kuuchora kwa majivu. Mvua ikinyesha, uwanja umeondoka. Viatu hatukuwa navyo. Saa ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, nayo ilisimama kila ilipotaka. Lakini tulikuwa na Mwalimu Magoiga.

Huyu Magoiga alitoka milimani huko Tarime. Alipitia jeshi kabla ya ualimu, na alitembea kama bado kuna mtu anamkagua. Mimi nilipangiwa kuwa msaidizi wake nikiwa nimetoka chuo mwaka uleule, sijui hata kumfundisha mtu kuanza mbio. Alinifundisha mengi, sitamnyima haki yake. Alinifundisha kutazama mabega badala ya miguu, maana uchovu huanza juu ukashuka. Alinifundisha kwamba mtoto aliyekunja ngumi anakimbia na mzigo. "Mpe jani kavu la mtama alishike katikati ya vidole," aliniambia, "akimaliza mzunguko jani likiwa unga, ujue amejikaza bure." Hiyo ilikuwa elimu yake mwenyewe.

Ila njia yake ilikuwa moja tu kwa watoto wote, na njia hiyo ilikuwa kelele. Filimbi, kisha "Kaza!", kisha filimbi. Alikimbia pembeni ya uwanja sambamba na mtoto, akimpigia filimbi sikioni. Aliyeshika mkia kwenye mazoezi alisimamishwa mbele ya shule nzima Jumatatu ili aeleze kwa nini ni mvivu. Na msidhani alikuwa na roho mbaya. Mtoto akiugua, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Aliwapenda kama mtu anavyopenda jembe lake analolinoa kila siku.

Kwa wengine ilifanya kazi. Palikuwa na mvulana akiitwa Marwa, mrefu, kichwa kigumu, ambaye bila kukemewa hakunyanyua mguu. Magoiga akimfokea, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "unakimbia au unachunga?" Marwa alicheka kwa meno yote halafu akaruka kama swala. Kelele ilikuwa kuni kwake.

Ghati alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, mkimya, binti wa mfugaji. Nilimwona mara ya kwanza jioni moja anafukuza ndama aliyekatiza kuelekea mbugani. Alikuwa peke yake, hajui kama anatazamwa. Wanangu, nimeona wakimbiaji wengi. Sijaona tena kitu kama kile. Majani yalikuwa marefu, hukuona miguu yake, ulimwona tu amesogea, kama kivuli cha wingu kinavyosogea juu ya mbuga. Alimpita ndama, akageuka, akamngoja huku anacheka.

Nikaenda kumwambia Magoiga, naye akamwingiza kwenye timu. Kwa miezi michache alishinda kila mtu, wavulana pia. Kisha nikaanza kuona mambo.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kazi ya kocha. Kwanza aliacha kumaliza uji wake. Kisha siku ya mchujo ikifika, tumbo linauma. Kisha mguu. Jumatatu mguu wa kulia, Alhamisi wa kushoto. Maumivu yanayohama, vijana wangu, hayakai mguuni. Zahanati hawakuona kitu. Kucha zake zilikuwa zimeliwa mpaka nyama. Na mwendo wake ulibadilika, ukaanza kugonga.

Nikamwambia Magoiga, "Mwalimu, huyu mtoto anaogopa."

"Kuogopa ni kuzuri," akasema. "Mimi niliogopa na nikashinda. Mwalimu wangu alisimama mlimani na fimbo. Ukipunguza mwendo, unaikuta."

Yeye alikuwa na ushindi wake, mimi nilikuwa na kucha za mtoto.

Mashindano ya wilaya mwaka ule yalifanyika Natta. Tulikwenda kwa lori la pamba la ushirika, watoto wamelala juu ya magunia, wanaimba, wanasinzia, wanaamka wanaimba tena. Ghati hakuimba. Alikaa nyuma kabisa anatazama barabara inavyokimbia kurudi nyumbani.

Mbio zake zilikuwa za mizunguko mingi, mchana, mbele ya wazee wa Chama na kijiji kizima. Alianza vizuri mno. Alikuwa ameacha wenzake mbali, watu wamesimama. Magoiga akawa anakimbia pembeni, filimbi mdomoni, mshipa umemtoka shingoni. "Kaza! Kaza, Ghati! Usiangalie nyuma!"

Mzunguko wa mwisho, kwenye kona, Ghati akapunguza. Akatembea. Akapinda kulia, akapenya katikati ya watazamaji, akaenda. Watu wakacheka, walidhani amebanwa na haja. Wengine wakampita, mbio zikaisha, mshindi akabebwa. Ghati hakurudi.

Tukatazama vichakani, tukatazama kwenye lori. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mtama akatuambia, "Yule wa kaptura nyekundu? Amepita hapa, ameshika njia ya Mugumu. Nimemsalimia hakuitika. Na huko wanyama wamejaa siku hizi."

Ulikuwa msimu wa nyumbu kupita. Nyumbu wakija, mjue wanaokula nyumbu nao wapo nyuma yao. Nilimwona Magoiga anabadilika rangi. Akaanza kukimbia, nami nikamfuata na sketi yangu ya ualimu.

Tulikwenda muda mrefu. Jua lilikuwa kali, majani ya rangi ya simba pande zote mbili, na kila kichaka niliona kinapumua. Magoiga akatoa filimbi akapuliza kwa nguvu zake zote.

"Mwalimu," nikamshika mkono, "usiipige. Ukiipiga atajificha."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Kisha akaitoa mdomoni, akaishika tu. Akajaribu kuita kwa sauti. "Ghati!" Ilitoka kama amri ya paredi. Akasikia mwenyewe. Akasimama, akakohoa, akaanza tena, na nilimwona anaitafuta ile sauti kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. "Ghati. Ghati, mwanangu. Ni sisi tu."

Sauti ndogo ikajibu kutoka juu. "Nipo hapa, Mwalimu."

Alikuwa amekaa juu ya jiwe kubwa, miguu inaning'inia. Njia ya mbele ilikuwa imefungwa. Nyumbu walikuwa wanapita.

Sijui kama mmewahi kuwaona karibu hivyo. Kwanza ni vumbi, halafu ni mngurumo ambao hujui unatoka ardhini au kifuani mwako. Wanakuja, wanakuja, huoni wa kwanza wala wa mwisho. Tukapanda jiwe haraka, tukakaa mmoja huku mmoja kule, Ghati katikati. Hakukuwa na pa kwenda. Ukitaka kumfanya mwanajeshi akae atulie, mletee nyumbu.

Vumbi lilipanda mpaka jua likawa kama kiini cha yai. Kila kitu kikawa cha mbali. Nakumbuka nilijiona kama tuko chini ya maji, watu watatu tumekaa chini ya mto, na mto unapita juu yetu. Pundamilia mmoja alisimama akatutazama, kisha akajiunga tena na safari. Hatukusema kitu kwa muda. Na nadhani ule ukimya ndio uliomfungua mtoto, kwa sababu Magoiga hakuwahi kukaa kimya naye hata siku moja.

Mwishowe Magoiga akauliza, taratibu, "Ulikuwa unaongoza. Mbona uliacha?"

"Niliwaza nikishinda leo, kesho nitatakiwa nishinde tena."

"Ni kweli," Magoiga akasema. "Ndivyo ilivyo."

"Nikifukuza ndama nyumbani sisikii kitu, Mwalimu. Nasikia upepo tu. Shuleni nikikimbia naisikia sauti yako. Hata ukiwa hupo naisikia. Nikilala naisikia."

Magoiga aliwatazama nyumbu.

"Mimi pia niliisikia ya mwalimu wangu," akasema.

Ghati akamgeukia. "Iliisha lini?"

"Haijaisha."

Yule mtoto akamtazama mwalimu wake kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. Kisha akasogea kidogo ili Magoiga apate nafasi mbali na ukingo wa jiwe. Nyumbu waliendelea kupita. Vumbi lilipopungua tulishuka, tukarudi Natta polepole, Ghati ametangulia anang'oa majani njiani, na lori lilikuwa linatungoja na watoto wote wameamka.

Shuleni mwalimu mkuu alikasirika. Ghati ametuaibisha mbele ya Chama, aadhibiwe mbele ya wenzake Jumatatu. Magoiga akasimama kwenye kikao cha walimu, amenyooka kama kawaida yake.

"Mtoto alikuwa mgonjwa," akasema. "Ugonjwa huo nilikuwa nao mimi mwenyewe, na bado sikuutambua. Kama kuna wa kusimamishwa Jumatatu, nitasimama mimi."

Hakusimamishwa mtu.

Tangu hapo tuligawana. Mimi nikachukua wale ambao kelele iliwaumiza, yeye akabaki na wengine. Msifikiri niligeuka malaika wa mazoezi. Nilimchukua Marwa pia, nikidhani kila mtoto akiulizwa vizuri atakimbia vizuri. Nilimwuliza amelalaje, amekula nini, anajisikiaje. Baada ya wiki chache alikuwa anakuja mazoezini kama anakuja kuota jua. Siku moja akaniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, wewe ni mama mzuri. Lakini naomba nirudi kwa Mwalimu Magoiga. Mimi nisipotukanwa kidogo, usingizi unanishika." Nikamrudisha. Kukemewa kwake kulikuwa mchezo kati ya watu wawili wanaoaminiana, na aliujua mchezo huo kuliko mimi.

Na Magoiga naye alijaribu kujifunza njia yangu. Hivyo vilikuwa vituko. Alimsimamia mtoto, mikono nyuma, akauliza kwa sauti ya askari wa zamu, "Umelalaje?" Mtoto akatetemeka: "Sijafanya kitu, Mwalimu!" Nilimwambia, "Chuchumaa kwanza. Uwe chini yake." Basi akawa anachuchumaa. Mtu mzima, mwanajeshi, amechuchumaa majivuni anamwuliza mtoto wa darasa la tano kuhusu usingizi. Ilimchukua muda. Lakini ilifika siku watoto wakaanza kumjibu ukweli, na akiambiwa ukweli alijua la kufanya kuliko sisi sote. Mmoja alikuwa anakimbia na njaa. Mwingine mama yake alikuwa mgonjwa. Wote wawili walikuwa wameitwa wavivu.

Ghati hakukimbia kwa miezi. Sikumwomba. Nilimpa kazi ya kushika kamba tulipopima uwanja na kugawa maji, ili asiwe mbali na wenzake. Walimu walinisema: unapoteza kipaji. Nikawaambia kipaji ni chake, akikipoteza amepoteza chake. Nilisema hivyo kwa ujasiri, lakini nikirudi nyumbani nilikuwa naomba Mungu.

Asubuhi moja ukungu ulitanda. Nilikuwa nazunguka na wasichana wangu polepole, tunaongea, maana sheria yangu ilikuwa kwamba mbio za asubuhi ni za mtu kuweza kusimulia hadithi bila kukatika pumzi. Mkifundisha, tumieni hiyo, haitaki saa. Nikahesabu vichwa vinavyoelea, vikawa vimezidi. Niliendelea na hadithi yangu, nadhani ilikuwa ya fisi, na pembeni yangu nikasikia miguu inayogusa ardhi na kuiaga. Alikuwa amekuja mwenyewe. Nililia, na ukungu ukanificha.

Watu huniuliza alifika wapi. Hakufika kwenye magazeti. Alisomea uuguzi, akafanya kazi Tarime mpaka alipostaafu, na wanawake wengi wa huko walijifungua wakiwa wameshikwa mkono na yeye. Wanasema hakuwahi kumfokea mama anayejifungua. Magoiga alizeeka akafundisha mpaka walimu wenyewe, na alipofariki, miongoni mwa waliobeba jeneza walikuwepo Marwa, mvi kichwani, na vijana ambao sikuwajua.

Lakini nataka niwape siku ya Musoma, kisha niwaache.

Mwaka uliofuata Ghati alichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa. Nilimwuliza kama anataka. Akafikiri siku nzima, akaja kuniambia anataka kuliona ziwa. Basi tukaenda kuliona ziwa. Asubuhi ya mbio tulikaa ufukweni, akatia miguu majini, akauliza huko ng'ambo kuna nini. Nikamwambia sijui. Akafurahi kwamba kuna kitu mwalimu hajui.

Uwanjani upepo ulitoka ziwani, mwepesi, una harufu ya samaki na mvua. Magoiga alikuja na timu ya kurusha mkuki. Alikaa jukwaani karibu nami, mikono ameikalia. Kweli kabisa, alikuwa ameikalia.

Wakaanza. Ghati alikaa katikati ya kundi muda mrefu, kama mtu anayetembea sokoni bila haraka. Kisha kundi likaanza kuchoka na yeye akabaki vilevile, ikawa kama wengine ndio wanaorudi nyuma. Alimpita wa nne, wa tatu. Mabega yalikuwa chini. Vidole vilikuwa wazi. Msichana mmoja wa Bunda alikuwa mbele sana, hakushikika, akashinda na alistahili. Ghati akavuka mstari akiwa wa pili.

Hakusimama.

Alipita mstari, akawapita wasimamizi waliokuwa wamenyoosha mikono, akaendelea. Akaanza mzunguko mwingine. Uwanja ukapigwa na butwaa, halafu watu wakaanza kucheka. Msimamizi mmoja akakimbia pembeni anapunga bendera. "Imekwisha, binti! Mbio zimekwisha!" Yeye alimpungia mkono akapita. Kwenye kona ya mbali, upande wa ziwa, upepo ulimjaza fulana, na kwa kitambo kile sikuona miguu yake, nilimwona tu amesogea. Alikuwa anacheka. Tulimsikia mpaka jukwaani.

Msimamizi akaja kwetu, jasho linamtoka. "Nani mwalimu wake huyu? Amrudishe! Mbio nyingine zinangoja!"

Mwalimu Magoiga akasimama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Mwache kidogo, ndugu yangu," akasema. "Huo mzunguko ni wake."